Picha Inayofuata Maji: Namna ya Kujiundia Aina ya Picha katika Tk

Siku za bamvua, maji yakipwa pale Msambweni, mwamba hutoka nje na watu wakashuka kwa miguu kutafuta pweza. Baada ya saa sita pwani ile ile imejaa hadi kwenye mizizi ya minazi. Kati ya nyakati hizo mbili, mwenye mtumbwi ana swali moja analoliuliza kila siku: je, sasa kuna maji ya kutosha kuvuka mwamba? Siku za maji mafu jibu halimsumbui sana, lakini siku za bamvua akikosea nusu saa atakaa nje akingojea, na samaki wake wanaharibika juani huku matajiri wanaonunua samaki na mama karanga wanaowakaanga wakimsubiri bandani.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayeandika programu ya banda la samaki, iwe Mwaepe kule Diani, Gazi, Shimoni au Vanga. Programu yako tayari inaandika uzito wa samaki, bei na jina la chombo. Sasa unataka kando ya kila chombo ionekane picha ndogo ya kimo cha maji, na nyingine kubwa juu ya dirisha, zote zikipanda na kushuka pamoja na bahari. Nitaeleza jinsi ya kuifanya kwa maktaba ya Tk, ile ambayo wengi wetu tumeijua kupitia Python kwa jina la tkinter, kwa kuifundisha maktaba hiyo aina mpya kabisa ya picha.

Tk ilianzishwa na John Ousterhout alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwa desturi huja na aina mbili za picha. Ya kwanza ni `bitmap`, yenye rangi mbili tu. Ya pili ni `photo`, yenye rangi zote, kazi ya Paul Mackerras. Hii ndiyo unayoitumia unapofungua PNG. Lakini milango ya Tk haikufungwa hapo. Yeyote anayejua lugha ya C anaweza kusajili aina ya tatu, ya nne, na kuendelea, na wijeti zote za Tk zitaipokea bila kuuliza.

Kabla hujaanza, jiulize kama kweli unaihitaji

Nasema hivi kwa sababu nimewaona vijana wenye uwezo wakipoteza wiki mbili kwenye C kwa jambo ambalo lingemalizika jioni moja. Bamvua kubwa za pwani yetu hukaribia mita 4 kati ya kupwa na kujaa. Ukichora picha moja kwa kila sentimita 10, kuanzia sifuri hadi mita 4, utakuwa na faili 41 za PNG. Zipakie zote mwanzoni, kisha ubadilishe picha ya lebo kila maji yanapopanda hatua. Kama hilo linakutosha, fanya hivyo na usiendelee kusoma.

Kama picha yako itakaa mahali pamoja tu, chora mistari na mistatili moja kwa moja kwenye turubai. Ndiyo kazi yake. Na kama shida yako ni muundo wa faili ambao Tk haiufahamu, usiunde aina mpya ya picha. Isajilie `photo` msomaji mpya wa faili kwa `Tk_CreatePhotoImageFormat`, na `photo` itakufanyia mengine yote. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Muundo wa faili unahusu jinsi picha inavyosomwa kutoka kwenye diski. Aina ya picha inahusu jinsi picha inavyoishi ndani ya programu.

Aina mpya inafaa pale ambapo picha haitoki kwenye faili bali inatokana na taarifa, inaonekana ndani ya wijeti nyingi tofauti (kitufe hapa, lebo pale, turubai kule, hata katikati ya maandishi), na taarifa ikibadilika zote zinapaswa kubadilika mara moja. Maji ya bahari yanakidhi masharti yote matatu.

Asili na onyesho

Hapa ndipo penye uzito wote, na ukipaelewa mengine ni kuandika tu. Tk huigawa kila picha sehemu mbili. Kuna asili, yaani picha yenyewe kwa jina lake na taarifa zake, na kuna onyesho, yaani picha hiyo inapotumika ndani ya dirisha fulani. Mwezi ni mmoja, lakini aliye Gazi anautazama kutoka Gazi na aliye Vanga anautazama kutoka Vanga. Mwezi ukiandama, umeandama kwa wote wawili.

Kwenye asili weka yale ambayo ni kweli popote picha ilipo: kimo cha maji, upana na urefu wa picha, majina ya rangi. Kwenye onyesho weka vitu vya dirisha husika, hasa rangi halisi zilizopatikana kwa skrini ile na kalamu za kuchorea, zile ambazo mfumo wa madirisha wa X huziita GC. Karibu kila kasoro niliyowahi kuirekebisha katika kazi za namna hii ilitokana na kitu cha onyesho kuwekwa kwenye asili, au kinyume chake.

Ukisoma nyaraka za zamani utakuta asili ikiitwa `Tk_ImageMaster`. Katika Tk 9.0, iliyotoka mwaka 2024, jina hilo limebadilika kuwa `Tk_ImageModel`. Kazi yake ni ile ile.

Funksheni tano

Aina ya picha huelezwa kwa kumbukumbu moja yenye jina na funksheni tano. Yetu tuiite `maji`:

```
static Tk_ImageType ainaMaji = {
    "maji",
    MajiUnda,
    MajiPata,
    MajiChora,
    MajiAchia,
    MajiFuta,
    NULL, NULL, NULL
};
```

Nafasi ya kwanza kati ya zile tatu tupu mwishoni ni ya kuchapisha kwa PostScript. Iache hivyo. Ukichapisha turubai ili uibandike ukutani, Tk itaichora picha kando na kuinakili yenyewe.

`MajiUnda` huitwa mtu anapoandika `image create maji kwale`. Inapokea jina la picha na machaguo yaliyofuata, inatenga kumbukumbu ya asili, inasoma machaguo, na inasajili amri mpya ya Tcl (lugha ya script inayoiendesha Tk) yenye jina la picha ili baadaye uweze kuandika `kwale configure`. Jihadhari na jina hilo. Kama tayari una utaratibu wako unaoitwa `kwale`, amri ya picha itaufuta bila kukuonya.

Kabla ya kurudi, `MajiUnda` lazima iite `Tk_ImageChanged` kutangaza ukubwa wa picha. Ukisahau, picha itabaki na upana wa pikseli 1 na urefu wa pikseli 1, na utakaa saa nzima ukitafuta kosa kwenye uchoraji wakati uchoraji hauna kosa lolote.

`MajiPata` huitwa kila wijeti inapoanza kuitumia picha. Hapa ndipo unapoomba rangi na GC kwa dirisha lile. Usitenge kumbukumbu mpya kila mara. Angalia kwanza kama dirisha hilo lina onyesho tayari, na kama lipo ongeza hesabu ya wanaolitumia. Maonyesho yote yaunganishe katika orodha inayoanzia kwenye asili, kwa sababu siku mtumiaji akibadilisha rangi ya maji itabidi uyapitie yote na kuyapa GC mpya.

`MajiAchia` ni kinyume chake: inapunguza hesabu, na ikifika sifuri inarudisha rangi na GC. Angalia kwamba inakabidhiwa skrini, wala haikabidhiwi dirisha. Sababu ni kwamba wakati huo dirisha lenyewe linaweza kuwa limeshafungwa, kwa hiyo usiliguse.

`MajiChora` ndiyo inayopaka rangi, nayo ni fupi kuliko watu wanavyodhani:

```
static void
MajiChora(ClientData data, Display *skrini, Drawable lengo,
        int px, int py, int upana, int urefu, int lx, int ly)
{
    Onyesho *o = (Onyesho *) data;
    int hewa = o->asili->mstari - py;

    if (hewa < 0) hewa = 0;
    if (hewa > urefu) hewa = urefu;
    if (hewa > 0)
        XFillRectangle(skrini, lengo, o->gcHewa,
                lx, ly, upana, hewa);
    if (hewa < urefu)
        XFillRectangle(skrini, lengo, o->gcMaji,
                lx, ly + hewa, upana, urefu - hewa);
}
```

`mstari` ni pikseli ambapo maji yanaanzia, ukihesabu kutoka juu ya picha. Kuna jozi mbili za nambari hapa ambazo wanaoanza huzichanganya. `px` na `py` ni mahali ndani ya picha. `lx` na `ly` ni mahali pa kuchora kwenye lengo. Tk haikuambii kila mara uchore picha nzima. Dirisha jingine likifunika robo ya picha kisha likaondoka, utaombwa uchore robo ile tu. Ndiyo maana nikatoa `py` kwenye `mstari` kabla ya kupaka chochote. Na hilo lengo mara nyingi si dirisha, ni ubao wa kando ambao wijeti huchorea kwanza ili skrini isipepese. Basi usichore moja kwa moja kwenye dirisha hata kama unalijua. Chora pale ulipoelekezwa.

Maji yanapopanda

Siri ya aina nzuri ya picha ni kujua lini utaiita `Tk_ImageChanged` na uiambie nini. Inapokea mambo mawili: eneo lililobadilika, na ukubwa wa picha nzima. Wengi huiambia kila mara kwamba picha yote imebadilika. Inafanya kazi, lakini kwenye kompyuta ya mitumba iliyo bandani, yenye orodha ya vyombo thelathini, utaona uzito wake.

Tufanye hesabu. Tuseme maji yamepwa saa 4:00 asubuhi kwa kimo cha mita 0.4, na yatajaa saa 10:12 jioni kwa mita 3.6. Yanapanda mita 3.2 kwa saa 6 na dakika 12. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, hukaza katikati, kisha hupoa tena. Manahodha wa nchi nyingi hutumia kanuni ya sehemu 12: saa ya kwanza sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Katika programu tumia kosaini, inayotoa umbo lile lile bila ngazi. Theluthi ya muda ikipita, yaani saa 6:04 mchana, maji yamepanda robo tu ya safari yake, na kimo ni mita 1.2. Katikati kabisa, saa 7:06, ni mita 2.0, na hapo ndipo yanapokwenda kasi zaidi: takribani sentimita 1.35 kwa dakika.

Sasa, picha yetu ina urefu wa pikseli 160 kwa mita 4. Pikseli moja ni sentimita 2.5. Hata maji yakiwa katika mbio zake zote, mstari unasogea pikseli moja kwa karibu dakika mbili! Kwa hiyo sasisha kimo mara moja kwa dakika, si zaidi. Ndani ya asili, linganisha mstari mpya na ule wa zamani. Kama ni sawa, nyamaza. Kama si sawa, tangaza ukanda ulio kati yao peke yake:

```
Tk_ImageChanged(a->tkAsili, 0, juu, a->upana, chini - juu,
        a->upana, a->urefu);
```

Tk itayapitia maonyesho yote na kuyachora upya wakati wake wa nafasi ukifika. Wewe huna haja ya kujua yako mangapi wala yako wapi.

Vimo na saa za kupwa na kujaa usivibuni. Mamlaka ya Bandari Kenya hutoa jedwali la maji la Kilindini. Ingiza nambari zake kwenye faili, kisha programu ijaze dakika zilizo katikati kwa kosaini. Halafu kaa siku mbili tatu na wazee wa bandari yako. Watakuambia vizuri zaidi mwamba wa kwao unafunikwa lini kuliko jedwali lolote litakavyokuambia, na nambari hiyo ndiyo itakayofanya picha yako iwe na faida. Iongeze kama chaguo, `-mwamba 1.3` kwa mfano, ichorwe mstari mwembamba juu ya picha. Mtumbwi na dau kubwa havihitaji kina kimoja, kwa hiyo kila aina ya chombo iwe na picha yake yenye mstari wake.

Ukubwa ni wa asili

Niliahidi picha ndogo kando ya kila chombo na kubwa juu ya dirisha. Katika Tk ukubwa ni mali ya asili, na maonyesho yote ya picha moja yana ukubwa mmoja. Huwezi kuwa na `kwale` ndogo hapa na `kwale` kubwa pale. Utaunda picha mbili za aina moja, na zote mbili zisome kimo kutoka mahali pamoja.

Njia ninayoipenda ni kigezo cha Tcl. Ipe aina yako chaguo la `-kigezo`, kisha ndani ya `MajiUnda` uweke mlinzi juu ya kigezo hicho kwa `Tcl_TraceVar`. Kigezo kikiandikwa thamani mpya, kila asili inayokilinda inapata habari na inahesabu mstari wake. Kiini cha script yako kinabaki hivi:

```
image create maji ndogo -kigezo kimo -upana 16 -urefu 40
image create maji kubwa -kigezo kimo -upana 60 -urefu 160
label .juu -image kubwa
button .dau1 -image ndogo
set kimo 1.2
```

Kigezo kikifutwa, mlinzi huondoka nacho. Mlinzi wako aombe pia habari ya kufutwa, na ikitokea ajirudishe kazini, isipokuwa pale mkalimani wa Tcl mwenyewe anapofungwa.

Kufuta, mahali pa kuanguka

Picha inaweza kufa kwa njia mbili. Mtu anaweza kuandika `image delete ndogo`, au kuifuta amri yake kwa `rename ndogo ""`. Njia ya kwanza inaita `MajiFuta`, ambayo inapaswa kuifuta amri. Ya pili inaifuta amri, ambayo inapaswa kuita `Tk_DeleteImage`. Usipoweka kizuizi, kila moja itamwita mwenzake hadi programu ianguke. Kizuizi ni chepesi: aliyeanza kufuta aweke NULL upande wake kabla ya kumgusa mwenzake, na kila upande uangalie kwanza kama mwenzake bado yupo. `MajiFuta` iondoe pia mlinzi wa kigezo, la sivyo kimo kikibadilika mlinzi ataandika kwenye kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa.

Jambo moja la kukutuliza: kabla ya kuita `MajiFuta`, Tk huwa imeshaita `MajiAchia` kwa kila onyesho. Asili haifi ikaacha maonyesho yanayoielekea. Na wijeti zilizokuwa zikitumia picha hiyo hazianguki. Zinabaki na nafasi tupu ya ukubwa ule ule, na ukiunda upya picha yenye jina hilo zinaichukua.

Kukompaili na kuita kutoka Python

Kwenye Ubuntu au Debian weka vifurushi vya `tcl-dev` na `tk-dev`. Funksheni ya kuanzia iitwe `Maji_Init`; ndani yake ita `Tcl_InitStubs`, `Tk_InitStubs`, na mwisho `Tk_CreateImageType(&ainaMaji)`. Kisha:

```
gcc -shared -fPIC -DUSE_TCL_STUBS -DUSE_TK_STUBS \
  -I/usr/include/tcl8.6 maji.c -o libmaji.so \
  -ltclstub8.6 -ltkstub8.6 -lX11
```

Usiache `-lX11`. Ndani ya `wish` inaweza kwenda bila hiyo, halafu ukaipeleka Python ikagoma kwa sababu haioni `XFillRectangle`.

Upande wa Python hakuna kazi kubwa, maana darasa la `Image` la tkinter hupokea jina la aina yoyote:

```
import tkinter as tk
d = tk.Tk()
d.tk.call('load', './libmaji.so', 'Maji')
kimo = tk.DoubleVar(master=d, name='kimo')
ndogo = tk.Image('maji', name='ndogo', master=d,
                 kigezo='kimo', upana=16, urefu=40)
```

Mtego wa hapa umewanasa wengi. Kitu cha Python kinachoshika picha kikipotea, tkinter huifuta picha yenyewe. Na `DoubleVar` ikipotea, kigezo hufutwa. Ukiviunda ndani ya funksheni bila kuvihifadhi, funksheni ikimalizika vitufe vyako vitabaki na nafasi tupu. Vihifadhi ndani ya kitu kinachoishi muda wote wa programu.

Kabla hujaipeleka bandani, andika script fupi inayounda picha, inaiweka kwenye lebo, inabadilisha kimo, inaharibu lebo, kisha inafuta picha, mara elfu kumi mfululizo, huku ukitazama kumbukumbu ya programu kwa `top`. Ikipanda bila kutua, karibu kila mara kosa liko `MajiAchia`. Baada ya hapo ipeleke siku ya bamvua, saa ya kupwa, na usimame na nahodha mlangoni mkitazama mwamba na skrini pamoja hadi maji yatakapoufunika.